Shimo la Upande wa Ukuta

Buyenzi, Bujumbura
11 Aprili 1999

Shemeji yangu Abdu,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima. Nianze na mke wako, maana najua jicho lako litamtafuta yeye kwanza. Sikuzani anakula, analala, na mimba imeanza kuonekana hata akijifunga kitenge kipana. Anasema mtoto anacheza zaidi akisikia adhana ya alasiri. Nimemwambia hiyo ni njaa ya saa kumi.

Risasi tulizisikia juzi huko milimani, juu ya Musaga, lakini hapa kwetu hazikufika. Kinachotusumbua ni maji. Tangu nguzo za umeme ziangushwe, bomba la avenue yetu halitoi hata tone, na watu wote wanachota kwenye kisima cha Amira. Foleni inaanza baada ya sala ya alfajiri na inafika mpaka kwa fundi cherehani. Mimi nafurahi, nisikufiche. Unakumbuka kaka yako Ilias alivyokichimba mwaka ule tulipomzika mtoto. Kila siku kabla ya kuanza kazi alipiga ardhi kwa kisigino, kama mtu anayebisha hodi. Alisema hii ni sadaka ya Amira, kila atakayekunywa, thawabu itamfikia. Na tangu Ilias naye auawe barabarani, kazi yangu imebaki hiyo: kufungua kisima, kufagia, kufunga. Kila ndoo ikipanda nalitaja jina la binti yangu kimoyomoyo.

Sasa nisikilize. Uwanja wa jirani, ule uliokuwa gereji ya marehemu Massoudi, umepangishwa. Anayeusimamia ni mtu anaitwa Gélase. Wanaleta magunia ya mchanga, wanasema umetoka kwenye machimbo ya Kongo, huko huko uliko wewe. Wanausaga, wanauosha, wanatafuta dhahabu ndani yake. Maji machafu wanayamwaga kwenye shimo walilochimba wenyewe. Langoni kuna askari.

Mwanzoni sikujali. Lakini sufuria zangu za aluminiamu zimeanza kuota kitu cheupe kama manyoya. Nasugua kwa mchanga, kesho kimerudi. Mathilde, jirani yetu Mkongomani tunayemwita Mama Chance, alicheka mpaka akakaa chini: "Mama Amira, hii sufuria imezeeka mbele yako! Imeota ndevu. Uipeleke kwa kinyozi." Siku iliyofuata ya kwake nayo ikaota. Hakucheka tena.

Wewe unaishi na watu wa dhahabu. Wanatumia dawa gani? Ikiingia ardhini, inafika kwenye maji? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Shemeji yako,
Khadidja

*

Kamituga
2 Mei 1999

Shemeji Khadidja,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Musafiri, dereva ninayemwamini, na hii ataileta yeye. Sehemu ya Sikuzani nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mwambie alalie ubavu wa kushoto, ndivyo wanavyosema wanawake wa huku.

Kuhusu jirani, usiogope kabla ya wakati. Watu wa dhahabu wanatumia zebaki, ile ya rangi ya fedha unayoiona ndani ya kipimahoma, na asidi kidogo ya kusafishia. Huku wanaishika kwa mikono kila siku, na wanaoa na wanazaa. Maji ya ardhini ni mengi, dawa ni kidogo. Chemsheni ya kunywa, basi. Moyo ukikataa kutulia, mwite Maalim Rachidi ayatazame. Yeye akisema neno, watu watatulia na wewe utatulia.

Ila na huyo Gélase usigombane. Mtu mwenye askari langoni ana mkubwa nyuma yake. Nakuomba kama mdogo wako.

Huku si pazuri. Mchimbaji akitoka chini na chembe ya njano, wenye bunduki wanamngoja mdomoni mwa shimo. Anayetoka na matope wanamwacha apite. Kila nikisali naomba niwatoe nyote hapo Bujumbura kabla vita havijaingia uani kwetu.

Neno moja tu. Hilo shimo wamelichimba upande gani, wa barabara au wa ukuta wetu? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Abdu

*

Buyenzi
16 Mei 1999

Shemeji Abdu,

Umeniomba nisigombane, na mimi kugombana sijui. Nilikwenda kwa Gélase na sahani ya maandazi, kama mtu anavyokwenda kwa jirani mgeni. Nikamwambia, "Mzee, hilo shimo liko karibu sana na kisima chetu."

"Mama, mi ni kibarua tu. Mwenye mali iko mbali."

"Ni nani?"

"We unataka nini na jina lake? Unataka akuoe?"

Askari akacheka. Maandazi wakayala.

Umeuliza upande. Ni upande wa ukuta. Ukiuegemea asubuhi, nguo inatoka na unyevu.

Nilifanya ulivyosema, nikamwita Maalim Rachidi. Alikuja na wazee wa msikiti baada ya Ijumaa, na foleni nzima ikajipanga kuwazunguka kama watu walioalikwa harusini. Maalim akateka kwa mkono wake mwenyewe. Akayatazama kwenye glasi juani, akayanusa, akayaonja, akawapa wazee nao wakaonja. Kisha akasema kwa sauti ya mimbari: maji haya ni mengi, yamezidi kulla mbili, kipimo cha sheria, na maji mengi hayawi najisi mpaka yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Haya hayakubadilika hata kimoja. Ni twahara. Chukueni udhu, kunyweni, mwombeeni mwenye sadaka.

Watu walipiga takbiri. Bibi mmoja alinikumbatia akalia. Nami nililia, maana nilisikia kama jina la mtoto wangu limesafishwa mbele za watu. Mama Chance peke yake ndiye aliyeninong'oneza, "Mama Amira, mi si mwislamu, nisamehe. Lakini Maalim ameonja maji. Sufuria hakuiuliza."

Jambo jingine. Musafiri ametuletea katoni ya maji ya chupa, akasema patron, yaani wewe, ameagiza ni ya Sikuzani tu, mtu mwingine asiguse. Maji ya chupa, shemeji, siku hizi ambapo hata sukari inatafutwa kama dawa! Tumemtania mke wako mpaka akajificha chumbani. Wanawake wa foleni wanamwita Madamu Chupa. Mungu akuzidishie huruma hiyo. Ilias hakuwahi kuniletea hata soda, lakini aliniletea maji mengi.

Nakunywa ya kisimani na nimetulia kidogo. Si sana.

Khadidja

*

Kamituga
30 Mei 1999

Shemeji,

Nimefurahi Maalim ameliweka sawa. Sasa muacheni Gélase. Usiende tena langoni kwake, hata na maandazi.

Musafiri ataleta katoni nyingine. Sikuzani asizigawe. Mwenye mimba ana tumbo dhaifu, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Ikiwezekana, mpeleke kwa shangazi yake Kinanira mpaka ajifungue. Kule hewa ni nzuri.

Na wewe pia, kama unaweza, nenda naye. Kisima anaweza kukifungua mtu mwingine.

Abdu

*

Buyenzi
12 Juni 1999

Abdu,

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa nikitoka sokoni nikamkuta Musafiri anapakua magunia langoni kwa Gélase. Lori lilikuwa lile lile linaloniletea barua zako. Nikamwambia, "Musafiri, na wewe unabeba mzigo wa huyu mtu?"

Alinitazama kama nimemuuliza jina la mama yake. "Mzigo wa Gélase gani, Mama Amira? Si ni ya patron Abdu yote? Magunia yake, maji ya bibi yake, barua yake. Mi nilijua unajua!"

Sikuzani alikuwa nyuma yangu, na kikapu kichwani.

Nilirudi nyumbani nikazitoa barua zako nikazisoma upya. "Upande gani, wa barabara au wa ukuta wetu? Nauliza tu." Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni mtu anayejali. Kweli ulikuwa unajali, maana ulijua. Ukanituma nimwite Maalim ili aniambie neno la kunituliza ambalo wewe hukutaka kulisema kwa mdomo wako.

Kesho yake asubuhi nilifunga kisima kwa kufuli. Watu walifika na bidoni zao, madumu ya kuchotea, nikawaambia maji ni mabaya. "Nani amesema?" Nikasimama mbele ya mfuniko. "Maalim amesema ni twahara, we umesoma wapi?" Mwingine akasema, "Anataka kuyauza sasa, bomba zimekauka." Yule bibi aliyenikumbatia alitema mate chini. Kabla ya adhuhuri kufuli lilikuwa limevunjwa kwa nyundo. Maalim alikuja akaniuliza kwa upole kama nina shahidi. Nilikuwa na sufuria. Akaishika, akaigeuzageuza, akasema labda ni sabuni.

Jina lako sikulitaja. Sijui kama nilikulinda wewe au nilimlinda Ilias.

Mimi sinywi tena, nafuata maji Mutakura kwa miguu. Lakini mke wako ameniogopesha. Alizifungua chupa zako zote akawanywesha watoto waliokuwa kwenye foleni. Kisha akateka kikombe kisimani akakinywa chote mbele yangu. Nikamshika mkono. "Wacha, dada. Kama yalikuwa mazuri kwako miezi yote hii, ni mazuri kwangu. Na kama ni mabaya, Abdu aje atuambie wote. Mi sitakuwa na maji yangu peke yangu."

Anakunywa kila siku. Nimemlilia, hasikii.

Khadidja

*

Kamituga
20 Juni 1999

Dada yangu Khadidja,

Mzuie. Nakupigia magoti, mzuie. Mwambie maji ni mabaya, mwambie mimi ndiye niliyesema. Mfungie ndani ukilazimika.

Ni mali yangu, ndiyo. Huku siwezi kutoa dhahabu tupu. Ikionekana inachukuliwa, na aliyeishika anachukuliwa nayo. Ndiyo nikaona nipitishe mchanga, nani atapora matope? Kuoshea nikatafuta mahali penye maji karibu, na mimi mahali ninapopajua ni hapo tu. Gélase nilimwambia achimbe upande wa barabara na amwage saruji chini. Aliniambia amefanya. Ulipoandika kuhusu ndevu za sufuria nikajua hakufanya, maana nimeona zebaki inavyoila aluminiamu. Nilikuwa nimebakiza mizigo michache tu, kisha niwapandishe nyote meli ya Kigoma. Kila wiki nilijiambia hii ndiyo ya mwisho.

Nimemtumia Gélase neno asimamishe kazi. Lakini mali siyo yangu peke yangu. Kuna mkubwa mwenye nyota begani ambaye ana fungu lake, na askari wa langoni ni wake. Likitajwa jina langu hadharani na lake litatafutwa, na hapo sitafika hata kwenye daraja la mpakani.

Kwa hiyo mwambie Sikuzani, na iishie kwake. Wengine watafutie njia. Sema kisima kimekauka. Tupa mbwa mfu ndani, hapo Maalim mwenyewe atakifunga.

Abdu

*

Buyenzi
27 Juni 1999

Abdu,

Ile ya mbwa nimeifikiria. Usidhani sikuifikiria. Ningetupa, Maalim angeagiza kitekwe ndoo zinazohitajika, kisha kingekuwa twahara tena, na baada ya wiki wangerudi kunywa. Sheria anaijua vizuri. Na mimi siwezi kutia uchafu mle kwa mkono wangu.

Sikuzani nimemwambia yote uliyoandika. Alisikiliza akisuka ukili wake, kisha akasema, "Ameniambia mimi. Mama Chance ameambiwa na nani?" Akachukua kikombe akatoka.

Leo nimemtazama Mama Chance akiinua bidoni, mkono unatetemeka. Yeye anasema ni uchovu. Labda ni uchovu. Mimi sasa kila kitu nakiona ni kisima. Mtoto akikohoa, mzee akipoteza njia, nahesabu alikunywa lini. Na kuna swali linanijia nikiwa nasali, nalifukuza, linarudi. Kama thawabu ya kila kikombe ilikuwa inamfikia binti yangu, hiki kinachonywewa sasa kinafika kwa nani?

Mimi hawatanisadiki. Kwao ni mjane aliyeingiwa na uchungu akataka kuwanyima watu maji. Maalim anataka shahidi. Shahidi ni mmoja tu, na yuko Kamituga.

Njoo Ijumaa yoyote, wakati watu wanatoka msikitini, uwanja wa kisima ukiwa umejaa. Wakiwa wengi si rahisi mtu kuguswa. Sema kilichomwagwa na upande gani. Jina la yule mkubwa si lazima ulitaje, la kwako linatosha. Nitasimama karibu yako, ila sitakusemea neno.

Usipokuja, nitakaa juu ya mfuniko mwenyewe mpaka waniondoe kama walivyoondoa kufuli. Na mke wako ataendelea kunywa.

Khadidja

*

Buyenzi
18 Julai 1999

Abdu,

Sijui karatasi hii itakukuta wapi. Musafiri anasema alikuvusha mpaka wa Gatumba salama, umejifunika kilemba, na kwamba lile jeraha la jiwe halikuingia ndani. Aliyelirusha alikuja kwangu jioni ile ile kuniambia ni yeye. Nilimpa chai. Jina lake nakuachia usilijue.

Ijumaa ile ulipokuja kusema, uliondoka haraka, kama ilivyobidi, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Ulipomaliza kusema na Musafiri akakuvuta, watu hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Walisimama na bidoni zao zimejaa, kila mtu anatazama ya kwake. Maalim Rachidi akaja mbele. Alisema kwa sauti ndogo, si ile ya mimbari, "Mi niliulizwa kama yanafaa kwa udhu. Kama yanafaa kwa tumbo hakuna aliyeniuliza, na mi mwenyewe sikujiuliza. Mutoke kwenye haya maji." Akakaa chini kwenye ukingo wa baraza, mzee yule, na kofia yake mkononi.

Mama Chance akainua bidoni amwage. Sikuzani akapiga ukelele: "Usimwage kwa ardhi! Itarudi kule chini!" Ndipo kila mtu alipobaki ameshika. Hakuna aliyejua ayaweke wapi. Mwishowe tulileta mapipa matupu, wakamiminia humo mmoja mmoja, pole pole, kama watu wanaotoa rambirambi. Sikuzani alitia kikombe chake humo humo. Tangu siku ile hajakigusa kisima.

Gélase alihamisha mashine kesho yake, askari wakimlinda. Aliniambia, "Mama, umetuharibia kazi." Nikamwambia maandazi hayatakuja tena. Shimo alituachia. Wanaume wamelichota matope mpaka walipofika udongo mkavu, wameyatia kwenye magunia, na magunia yako kwenye sakafu ya saruji ya gereji chini ya mabati. Pa kuyapeleka hakuna anayepajua. Hata kiangazi hiki, wingu likitanda tunatoka kuyatazama. Fundi anasema kilichokwisha ingia ndani hakitoki kwa jembe. Kisima wamekifunika kwa bamba la saruji, na Maalim ndiye aliyetia mkono wa kwanza.

Nilimuuliza lile swali langu. Nilifikiri atanipa aya. Akasema, "Mama Amira, sijui." Nimempenda zaidi kwa hilo.

Asubuhi naamka saa ile ile, nachukua ufagio, kisha nakumbuka hakuna anayekuja. Uwanja umenyamaza. Watu wananisalimia, lakini wanasalimia wakipita. Wengine wanasema tulijua tangu mwanzo, mimi na wewe, na siwezi kumlaumu mtu kwa kusema hivyo. Yule bibi bado hanisemeshi.

Nilitaka nikuandikie zaidi, lakini Sikuzani ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Barabara ya hospitali leo imefungwa, kwa hiyo ni mimi na mkunga. Tulikuwa hatuna maji ya kutosha. Nilikuwa natafuta wa kumtuma, nikasikia lango linagongwa. Ni wao, wanawake wa foleni, si wote, lakini wengi, kila mmoja na bidoni kichwani kutoka Mutakura. Hawakuingia na salamu. Mama Chance aliweka yake mlangoni, mikono bado inamtetemeka, akasema, "Haya ni ya mutoto. Ya baba yake bado tunayafikiria."

Maji yako jikoni yanachemka. Naandika nikiwa nimesimama. Mkunga anasema kichwa kimekaribia na mapigo anayasikia, lakini hayaelewi vizuri. Mimi nimeweka sikio, nami sielewi. Mke wako hakulitaja jina lako hata mara moja. Ananishika mkono tu, kwa nguvu.

Wananiita.

Khadidja